Jina Ambalo Hakulitoa

Kwenye fomu ya chuo kuna kisanduku:
shahada ya juu kabisa ya mhadhiri mgeni.
Nikaandika: alizaliwa msituni, upande wa Kahuzi,
kabla msitu haujatiwa mlango.
Katibu wa masomo akanirudishia fomu
na duara jekundu: Andika vizuri.

Hata hivyo alikuja, Mama Nsimire,
Jumanne saa nane, mvua ya Bukavu ikipiga bati
hata sauti yangu ikanirudia kooni.
Alikuwa ametoka kutua gunia la makala pale Kadutu,
vidole bado vyeusi, na hakuvificha.
Umeme ulikuwa umekwenda zake;
projekta imebaki jicho la samaki wa juzi.
Nikampa kiti. Akakaa kwenye ngazi ya jukwaa,
akawatazama wanafunzi wangu thelathini na mmoja
kama anayehesabu mbuzi wa jirani.

Nikaandika ubaoni: MAZINGIRA.
Akauliza ni neno gani lile. Nikamsomea.
Akacheka kidogo, mdomo umefumba.

"Kuzingira nakujua mimi.
Askari walituzingira, mwaka ule wa kutolewa.
Nyoka huzingira kiota.
Sisi hatukuzingirwa na msitu, mwalimu.
Tulikuwamo, kama ulimi ulivyomo kinywani.
Je, ulimi huyaita meno mazingira yake?"

Asifiwe aliacha kuandika.
Mimi nilishika chaki, sina la kufuta
wala la kuongeza;
miaka kumi na miwili nalifundisha neno lile.

Mvua ilipolegea alitutoa nje,
nyuma ya vyoo, kwenye korongo linalomega ukuta wa chuo
kipande kila msimu.
Viatu vya Nyawera vikaonja udongo.
Akachuchumaa. Jani hili ni la tumbo.
Hili likichanua, mfuata nyuki ajue amechelewa.
Huu mkaratusi, akaupiga kofi, ni mgeni mlevi:
hunywa mpaka maji ya watoto.
Kisha akafika penye kijiti chembamba, si kirefu kupita goti,
akanyamaza.

Baderha, kalamu tayari: "Na huu, mama, unaitwaje?"
"Una jina."
"Lipi?"
"Silitoi.
Bibi yangu alilipata kwa kuuomba mti wenyewe.
Wewe unalitaka kwa kuniuliza mimi.
Na mkishaliandika litapanda ndege,
hali mimi, kuingia kwetu, naombwa karatasi."

Hapo ndipo ningemtaja babu yangu,
aliyeusukuma mpaka wa shamba lake la chai
hatua kwa hatua, jioni kwa jioni,
na yale mafiga matatu tuliyoyakuta katikati ya mistari,
bado meusi upande mmoja,
nasi watoto tukayafanya viti.
Sikumtaja. Nilisema: "Tutaendelea wiki ijayo."
Mwalimu hutembea na sentensi hiyo mfukoni, kama leso.

Wiki ijayo hakuja.
Malipo yake, dola kumi na tano, yako kwenye bahasha,
bahasha iko kwenye droo, droo ina kufuli,
na kufuli linangoja kile kisanduku.
Nampelekea salamu kwa wauza makala.
Mmoja anasema yupo. Mwingine anasema
barabara ya Miti imekatika, na anacheka,
sijui anacheka nini.

Siku ya mtihani, swali la tano:
Taja mimea mitatu ya korongoni, na kazi ya kila mmoja.
Wengi walijaza. Mmoja alibuni jina la Kilatini,
zuri kweli, la uongo.
Baderha aliandika miwili.
Pa tatu alipaacha peupe,
akapapigia mstari chini, kwa rula,
ili nisidhani amesahau.

Usiku huu karatasi yake iko mbele yangu, na mshumaa.
Mwongozo wa kusahihisha, nilioutunga mwenyewe,
unasema: pasipo jibu, sifuri.
Kalamu nyekundu nimeifungua tangu saa mbili.
Wino unaanza kukauka nchani.